Gari lililokufa: ulitoe msaada au liende kwenye vyuma chakavu?

Mwenye gari lililokufa kwa kawaida hujiuliza swali moja tu: nilitoe msaada, au niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Swali hilo linasikika kama la moyo, upande mmoja wema na upande mwingine pesa. Ukilichunguza utaona ni swali la njia. Gari lisiloweza kutembea tena, hata ukilikabidhi kwa shirika la hisani kwa mikono miwili, mara nyingi huishia kwenye mzani uleule wa vyuma chakavu ambao ungelipeleka mwenyewe. Kinachobadilika ni nani anachukua pesa njiani, nani anashughulikia karatasi, na sumu zilizomo ndani ya gari zinamwagwa wapi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayostahili kuamua, na yote matatu unaweza kuyajua kabla gari halijaondoka.

Je, limekufa kweli?

Gari lisilowaka si lazima liwe limekufa. Pampu ya mafuta, stata, altaneta, koili, hata fyuzi moja inaweza kulilaza gari zima likaonekana limefika mwisho. Vifaa hivyo hubadilishwa na gari likarudi barabarani. Kifo chenyewe kina sura nyingine: injini iliyochemka mpaka kichwa cha silinda kikapinda au kupasuka, giaboksi iliyosagika, ajali iliyopindisha mwili wa gari, au kutu iliyokula chesisi na sehemu za chini zinazobeba uzito. Kutu ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haina kipuri cha kununua. Unaweza kuchomelea hapa na pale, lakini chuma kilichobaki pembeni ya kiraka nacho kimeshachoka.

Kwa hiyo kabla ya yote, pata maneno ya fundi wa pili, asiyejua wa kwanza alisema nini, na uombe ayaandike: kilichoharibika ni nini, kinahitaji kipuri gani, kazi ni ya siku ngapi. Karatasi hiyo itakusaidia hata ukiamua kuuza, maana mnunuzi hupunguza bei kwa kitu asichokijua kuliko kwa ubovu aliouelewa.

Kuna kanuni inayorudiwa sana kwamba gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya thamani ya gari, achana nalo. Inasaidia kidogo na kupotosha sana. Kama unataka kuuza, linganisha tofauti, usilinganishe nusu. Tuseme gari likiwa zima lingeuzwa kwa 100, fundi anataka 70, na likiwa bovu hivyo hivyo kuna mtu wa kulichukua kwa 25. Ukilitengeneza unabaki na 30. Usipolitengeneza una 25. Tofauti ni 5 tu, na hiyo 5 ndiyo ujira wako wa kusubiri, kuhangaika na wanunuzi, na kuvumilia siku fundi atakapokupigia simu kukwambia amefungua akakuta tatizo lingine. Hailipi. Lakini kama unataka kuendelea kulitumia, hesabu hubadilika kabisa. Hapo unalinganisha 70 ya fundi na gharama ya kupata gari lingine la kuaminika kiasi hichohicho. Gari ambalo historia yake unaijua, lililoharibika kitu kimoja kikubwa huku mengine yakiwa mazima, linaweza kustahili matengenezo hata yanayozidi thamani yake sokoni.

Jambo moja lisiingie kabisa kwenye hesabu: pesa iliyokwisha kwenda gereji. Tairi mpya za mwaka jana na rejeta ya mwezi uliopita zimekwisha kulipwa, na hazirudi kwa wewe kulipa tena. Nawaelewa wanaoshindwa kuachia hapo, kwa sababu gari hubeba miaka ya maisha ya mtu. Ila uchungu huo usilipiwe fundi.

Bei tatu ndani ya gari moja

Ukishakubali kwamba kwako wewe gari limefika mwisho, jua kwamba linabeba bei tatu kwa wakati mmoja, na mmiliki asiyezijua zote atapewa iliyo ndogo kuliko zote. Ya kwanza ni bei yake kama gari. Kuna mtu, mara nyingi fundi, aliye tayari kulinunua likiwa limesimama kwa sababu yeye hulipia vipuri tu na kazi anaifanya mwenyewe. Ya pili ni bei yake kama vipuri: injini, giaboksi, milango, taa, viti, rimu. Ya tatu ni bei yake kama chuma, inayohesabiwa kwa kilo.

Bei ya kilo ndiyo rahisi kuielewa. Gari dogo la kawaida lina uzito wa tani moja hadi moja na nusu, na takriban theluthi mbili ya uzito huo ni chuma. Mnunuzi huzidisha uzito kwa bei ya siku, kisha hukata gharama ya kulivuta. Bei hiyo hupanda na kushuka pamoja na soko la chuma duniani, na mnunuzi anaifuatilia kila asubuhi wakati wewe utaiuliza mara moja katika miaka mingi. Uliza wanunuzi watatu, na kila mmoja muulize yaleyale: bei hiyo ni ya gari lenye kila kitu au lililokwisha kufunguliwa? Kulivuta kumo ndani ya bei au nitakatwa baadaye? Linapimwa wapi, na mimi nitaiona karatasi ya mzani?

Halafu yapo masega. Ni lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi linalosafisha moshi, na ndani yake kuna kauri yenye matundu madogo iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo kwenye gari moja ni gramu chache tu. Lakini mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu iliuzwa kwa zaidi ya mara kumi ya bei ya wakia moja ya dhahabu, na ndiyo sababu wezi katika nchi nyingi walikuwa wakiingia chini ya magari usiku na msumeno. Bei imeshuka sana tangu wakati huo, lakini hata leo masega halisi ya kiwandani yanaweza kuwa sehemu kubwa ya thamani yote ya gari bovu. Anayekulipa kwa kilo peke yake ameyanunua kwa bei ya bati. Mwambie tu, bila ugomvi, kwamba unajua masega yamo na ungependa kuona bei yake pembeni. Rimu za alumini nazo zina bei ya kilo iliyo juu ya chuma cha kawaida, betri nayo ina bei yake, vilevile shaba iliyomo kwenye nyaya na altaneta.

Je, ulifungue mwenyewe uuze kipuri kimoja kimoja? Kwa karatasi, hiyo ndiyo njia yenye pesa nyingi kuliko zote. Kwa maisha ya kawaida, inamfaa mtu mwenye eneo, zana, muda na uvumilivu wa kujibu simu za watu wanaouliza bei bila kununua. Vipuri vya modeli inayoonekana kila kona hutoka haraka. Vya modeli adimu hukaa miezi vikimsubiri mtu mmoja. Na mwisho utabaki na ganda lisilo na tairi, ambalo kulivuta ni ghali zaidi na mnunuzi wa chuma atalipunguzia bei kwa sababu vizuri vyote vimetoka. Njia ya katikati ndiyo ninayoiamini: tafuta yadi inayobomoa magari kwa ajili ya vipuri kwanza, kisha chuma baadaye. Watu hao hulipa kidogo zaidi ya mnunuzi wa kilo, hulichukua gari zima, na vipuri vizima huendelea kutumika badala ya kusagwa.

Ukilitoa msaada, linakwenda wapi?

Hapa ndipo watu wenye nia njema huumia bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo.

Marekani ndiko desturi ya kuchangia magari ilikokua sana, kwa sababu sheria ya kodi ilimruhusu mtoaji kuikata thamani ya gari kwenye kipato chake. Kwa miaka mingi mtoaji alijikadiria thamani hiyo mwenyewe. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, GAO, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa kwa mashirika ya hisani. Katika takriban theluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliidai kwenye fomu zake za kodi.

Pesa zilikwenda wapi? Sehemu haikuwahi kuwepo, kwa sababu gari bovu lilikadiriwa kama zima. Sehemu iliyokuwepo ililiwa njiani. Shirika dogo la kusaidia yatima au wagonjwa halina winchi wala yadi, kwa hiyo huingia mkataba na kampuni ya kati. Kampuni hiyo hulipa matangazo, humlipa mvutaji, hulipa ada ya mnada, huchukua fungu lake, na kinachosalia ndicho kinachoitwa mchango. Gari zima la thamani ya kutosha hustahimili makato hayo na bado likaacha kitu cha maana. Gari bovu halistahimili. Gharama ya kulivuta ni ileile liwe la thamani au la, na kwenye gari la kupimwa kilo gharama hiyo pekee inaweza kumeza karibu kila kitu.

Bunge la Marekani lilibadilisha sheria mwaka 2004, ikaanza kutumika 2005. Sasa shirika likiuza gari kwa zaidi ya dola 500, mtoaji hudai kiasi kilekile kilichopatikana kwenye mauzo, na shirika hutoa fomu ya kuthibitisha. Likiuzwa kwa dola 500 au pungufu, hudai thamani ya soko mradi isizidi hizo 500. Sheria iliacha mlango wa kudai thamani kamili pale tu shirika linapolitumia gari lenyewe kwa kazi zake kwa kiasi kikubwa, linapolifanyia matengenezo makubwa, au linapompa mhitaji bure au kwa bei ya chini sana kama sehemu ya kazi yake ya hisani. Tena punguzo hilo humfaa yule tu anayeorodhesha makato yake moja moja. Anayechukua kiwango cha jumla cha makato kilichowekwa na sheria hapati cha ziada. Watu wengi wanaovutiwa na tangazo la punguzo la kodi hawalipati.

Sheria za kodi hutofautiana kila nchi, na katika nchi nyingi mtu wa kawaida hapati punguzo lolote kwa kutoa gari. Lakini ile milango mitatu ni kipimo kizuri popote ulipo, hata pasipo na kodi ya kuzungumzia. Uliza shirika: gari hili mtalitumia, mtalitengeneza mumpe mtu, au mtaliuza? Kama jibu ni kuuza, uliza tena: linauzwa na nani, na katika kila 100 inayopatikana, ngapi inawafikia? Shirika la kweli halikasiriki kuulizwa. Likijibu kwa namba, una cha kuamulia. Likijibu kwa maneno ya jumla kuhusu watoto na matumaini, liamini kazi yake ukipenda, lakini gari liuze mwenyewe kwa bei nzuri na uwapelekee pesa taslimu. Watafaidika zaidi, nawe utajua hasa umetoa kiasi gani. Kwa gari lililokufa, mimi naona hiyo ndiyo njia ya uungwana zaidi katika hali nyingi, ingawa haina picha ya kukabidhi funguo.

Ipo hali ambayo bado ningesema litoe. Kama huna uwezo wa kulivuta, huna muda, na gari limekaa mahali linapozuia njia au linapokugharimu kodi ya maegesho, shirika linalokuja kulichukua bure linakuondolea mzigo halisi. Hapo toa ukijua unapokea huduma, na kidogo kitakachowafikia kitakuwa faida juu yake.

Kuna pia mahali ambapo gari bovu lina thamani kwa sababu ni bovu. Vyuo vya ufundi wa magari huhitaji injini za wanafunzi kufungua na kufunga bila hofu ya kuharibu gari la mteja. Piga simu kwanza, kwa sababu walimu huchagua: chuo kinachofundisha mifumo ya kisasa ya umeme hakitahitaji injini ya kabureta, na chuo kilichojaa magari hakitahitaji la kwako. Vikosi vya zimamoto na uokoaji navyo hutumia magari mabovu kufanyia mazoezi ya kukata milango na nguzo za paa ili kumtoa mtu aliyebanwa. Kila modeli huwa na sehemu zake ngumu na mahali pake pa mifuko ya hewa, kwa hiyo waokoaji hujifunza mengi kwa kukata magari ya aina nyingi. Ningefurahi sana gari langu la mwisho limalizikie hapo. Uliza tu nani atayaondoa mabaki baada ya mazoezi, na hakikisha usajili umefutwa kabla msumeno haujaligusa.

Kumpa ndugu au jirani ni jambo jingine, na linahitaji uaminifu. Mtu asiye na gari akipewa gari bovu amepewa deni la fundi, bima, maegesho na vipuri, na kwa heshima yake kwako hatakwambia. Kama unataka kumpa, litengeneze kwanza liweze kutembea salama, au mpe pamoja na pesa ya kulitengeneza. Breki zilizokwisha na chesisi iliyoliwa na kutu haziwi zawadi kwa sababu ya kufungwa utepe. Vilevile, tazama namba ya chesisi, ile yenye tarakimu na herufi 17 kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981, uulize kwa mtengenezaji kama kuna wito wa kurejesha gari ambao haujatekelezwa. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilisababisha makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi kuitwa, kwa sababu kifaa cha kuufumua mfuko kingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu walikufa katika ajali ndogo ambazo wangeshuka wakitembea. Matengenezo ya aina hiyo kwa kawaida mtengenezaji huyafanya bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkabidhi mtu mwingine hatari hiyo.

Sumu zilizomo

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote inaporukwa, kwa sababu madhara yake huwafikia watu ambao hawakuwahi kupanda gari hilo.

Gari lililokufa bado lina lita kadhaa za oili chafu, mafuta ya giaboksi, mafuta ya breki, petroli au dizeli iliyobaki, na kulanti ya kwenye rejeta. Kulanti nyingi zina ethileni glaikoli, yenye utamu kidogo, hivyo mnyama au mtoto anaweza kuilamba; kiasi kidogo kinatosha kuharibu figo. Gesi ya kiyoyozi kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni R-134a, ambayo kilo moja ikivujishwa hupasha joto dunia mara 1,430 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Magari ya kabla yake yalitumia R-12, inayotoboa tabaka la ozoni. Anayekata bomba la kiyoyozi kwa msumeno huziachia zote hewani kwa sekunde chache.

Betri ndiyo ya kuogopwa zaidi. Risasi iliyomo ni madini yenye soko, na ikishughulikiwa kiwandani hurudi kuwa betri mpya karibu yote. Ikiyeyushwa uani au mtaani, vumbi lake hukaa kwenye udongo na kuingia kwenye damu ya watoto. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotokana na kuchakata betri za magari. Betri yako moja inaweza kuanza safari ya namna hiyo kwa kumpa tu mpita njia anayelipa kidogo zaidi. Magari ya haibridi na ya umeme yana betri nyingine kubwa pia, yenye volti zinazoua. Nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyefunzwa.

Yadi nzuri hufanya kazi kwa mpangilio unaoeleweka. Kwanza betri hutolewa, kisha vimiminika vyote hukamuliwa kwenye vyombo tofauti, gesi hunyonywa kwa mashine, mifuko ya hewa hufumuliwa makusudi au kutolewa, masega hukatwa, vipuri vizima huhifadhiwa. Ganda hupondwa na kupelekwa kwenye mashine ya kusaga, ambayo hulirarua gari zima kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja kwa muda mfupi sana. Sumaku huvuta chuma, mitambo mingine hutenga alumini na shaba. Kinachobaki ni mchanganyiko wa plastiki, sponji, kioo na mpira, ambao ndio mgumu kuliko yote kuutafutia matumizi.

Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya magari yaliyofika mwisho mwaka 2000, na tangu 2015 inataka angalau asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena, irejelewe au itoe nishati. Japani, kwa sheria iliyoanza 2005, humtoza mmiliki ada ya mapema kwa vitu vitatu ambavyo soko lenyewe lisingevishughulikia: gesi za kiyoyozi, mifuko ya hewa, na yale mabaki ya mashine ya kusaga. Napenda wazi fikra ya Wajapani hapo. Chuma na masega yana mteja tayari. Kinachohitaji kulipiwa ni kile kisichotakiwa na mtu. Hata hivyo sheria pekee haitoshi. Tume ya Ulaya yenyewe inakadiria kwamba magari yapatayo milioni 3.5 kila mwaka hutoweka kwenye kumbukumbu za nchi wanachama bila kujulikana yaliishia wapi.

Wewe huwezi kukagua kiwanda. Unaweza kufika kwenye yadi na kutazama ardhi. Udongo mweusi uliolowa oili, magari yaliyokatwa yakiwa bado yanachuruzika, betri zilizorundikwa kwenye mvua: hayo yanatosha kukuambia. Sakafu ya zege, mapipa yenye alama, na kibali kilichobandikwa ukutani si uthibitisho wa kila kitu, lakini nafuu yake ni kubwa. Anayelipa zaidi kidogo huku akimwaga oili kwenye mtaro ameikata ziada hiyo kwenye maji ya watu wengine.

Je, lifufuke au lisifufuke?

Lipo swali gumu ambalo wauzaji wengi hawalitaji: ukimuuzia fundi gari linalotoa moshi mweusi, atalifufua na litarudi barabarani kwa miaka. Mwaka 2009 Marekani ilijibu swali hilo kwa ukali. Serikali ililipa watu kubadilisha magari yao yanayokula mafuta mengi kwa mapya, na sharti likawa injini ya zamani iuawe. Muuzaji alitoa oili, akamimina silikati ya sodiamu mahali pake, akawasha injini mpaka ikashikana. Karibu magari 677,000 yalipita humo. Barabarani hayakurudi, lakini injini nyingi nzima ambazo zingekuwa vipuri ziliharibiwa pia.

Kwangu mimi mstari uko kwenye usalama kwanza, moshi baadaye. Gari lenye ubovu wa injini tu, lenye mwili mzima na breki za kutengenezeka, acha fundi alinunue, maana kujenga jingine jipya kiwandani nako kunakula chuma na nishati nyingi. Gari ambalo kutu imefika kwenye nguzo zake, au lililopinda kwa ajali likanyooshwa juu juu, lipeleke mahali litakaposagwa na upewe hati. Mtu atakayekaa kiti cha nyuma cha gari hilo miaka miwili ijayo hajui ulichokiona wewe.

Karatasi

Gari linaweza kuondoka uani na bado likawa lako kisheria. Faini za mwendo kasi, ada za barabara, hata uhalifu uliofanywa kwa gari hilo huanza kutafutwa kwa jina lililo kwenye usajili. Kwa hiyo usikabidhi kadi ya gari iliyosainiwa huku nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa tupu, hata kama anayelichukua ni shirika la hisani lenye sifa. Jaza jina, tarehe na saa, mpige picha kitambulisho chake kwa ruhusa yake, piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, na ubaki na nakala. Kama linaenda kusagwa, dai hati ya kuthibitisha limebomolewa. Katika Umoja wa Ulaya hati hiyo ndiyo inayohitajika kulifuta kwenye daftari la usajili. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, hakikisha mkopeshaji ameondoa dai lake kwanza, kwa sababu huna haki ya kutoa wala kuuza kitu ambacho bado kimeshikiliwa.

Malipo nayo yaache alama. Katika sehemu kubwa ya Uingereza wanunuzi wa vyuma chakavu wamekatazwa kulipa taslimu, kutokana na wizi wa chuma uliokuwa umeenea. Hata usipolazimishwa na sheria, malipo ya benki au ya simu yenye jina la mnunuzi ni ushahidi usiopotea.

Kabla hawajafika, toa namba za gari kama sheria ya kwenu inataka zirudishwe, pekua chini ya viti na ndani ya mlango wa buti, na kwenye gari lenye skrini futa orodha ya simu na anwani ya nyumbani iliyohifadhiwa kwenye ramani. Kama betri imekufa skrini haitawaka, hivyo lifanye mapema au azima umeme wa gari jingine. Bima iache kwa mwisho kabisa: isitishe siku utakapopata uthibitisho kwamba jina lako limeondolewa kwenye usajili, na udai kiasi cha ada kilichobaki ikiwa mkataba unaruhusu.